Msilichome daftari la binti kabla hamjalisoma



Leo sizungumzii mitindo ya madera wala namna ya kupanga bei ya mshono. Nataka tuzungumze kuhusu binti mmoja na daftari lake. Jambo hili limenikaa rohoni tangu mvua zilizopita, na najua haliko kwangu peke yangu. Kina mama kadhaa wameshaniuliza: mwanangu anaandika hadithi za mauti, makaburi na damu, nifanye nini?

Jibu langu nalitoa mapema kabisa. Kaa chini usome. Soma daftari lote kabla hujalichoma, kabla hujampeleka mtoto kuombewa, na kabla hujamwambia jirani kwamba mwanao ana pepo. Mimi sikufanya hivyo mwanzoni, na ndiyo maana naandika.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa Unguja, nikasoma hadi kidato cha nne, nikajifunza ushoni, nikaolewa bara. Sasa niko Maswa, mkoa wa Simiyu, hapa mjini Nyalikungu. Nina cherehani nne na mabinti watatu ninaowafundisha. Tunashona sare za shule, vitenge vya harusi, na msimu wa pamba ukifunguliwa watu wakapata pesa, tunashona mpaka usiku. Haya ninayoyasimulia nimeyaombea ruhusa kwa binti na kwa mama yake, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili wasijulikane.

Binti huyo ana miaka 19. Ni mpole, mkono wake mwepesi, na akipinda upindo huoni uzi ulipopita. Mchana umeme ukikatika, mvua ikipiga bati hata sauti hazisikiki vizuri, wenzake walikuwa wanajikusanya karibu naye. Mimi nilidhani wanapiga soga. Kumbe alikuwa anawasomea hadithi alizoandika mwenyewe.

Hadithi zenyewe zilikuwa za giza. Nyumba usiku, mlango unasukumwa, panga. Kulikuwa na shairi ambalo marehemu anauliza kwa nini hakuna aliyewasha taa. Wenzake walizipenda mno. Walinakili kwenye madaftari yao wakaenda nazo nyumbani. Mmoja aliniambia hakulala usiku mzima, halafu asubuhi akamwomba mwenzake amsomee sehemu iliyobaki.

Siku moja mteja aliyekuwa anasubiri sare ya mwanawe akasikia. Haikupita wiki, maneno yakazagaa sokoni kwamba kwa yule fundi wa pwani kuna msichana anaita mauti. Mama mmoja aliyekuwa ameniletea magauni sita ya harusi akayafuata vitambaa vyake. Hakugombana. Alisema tu kwamba hataki nguo za mwanawe zishonwe mahali panaposomwa habari za maiti.

Magauni sita ni kodi ya fremu na zaidi. Nilikasirika. Nikamwita binti, nikamnyang'anya daftari, nikalifungia kwenye droo ya mikasi. Nikamwambia, "Hapa tunashona, hatuandiki." Hakujibu kitu. Alirudi kwenye cherehani yake, na tangu siku ile akawa anashona bila kusema na mtu.

Baada ya siku chache akaja mama yake, ametoka kijijini kwa bodaboda. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. Akasema, "Nimesikia una daftari la mwanangu. Nipe nikalichome."

Nilifungua droo, nikalitoa. Akalishika, akaligeuza, halafu akanirudishia. "Fundi, mimi kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Hebu niambie kwanza, ameandika nini humu?"

Dada zangu, niliona haya. Nimeliweka lile daftari karibu wiki mbili, nimemwadhibu mtoto wa mtu kwa ajili yake, na sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja. Nilikuwa nimesikia maneno ya wateja tu. Nikamwambia ukweli, "Mama, sijalisoma. Niachie mpaka Jumamosi."

Usiku ule nikasoma.

Hadithi ndefu kuliko zote ni ya bibi kizee anayeishi na mjukuu wake wa miaka tisa. Bibi macho yake ni mekundu. Anapika kwa samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Ng'ombe wa jirani anakufa, kisha mtoto wa jirani anakufa kwa homa. Watu wanakwenda kwa mganga. Usiku mmoja wanaume wanaingia. Mjukuu amejificha chini ya kitanda, kwa hiyo haoni sura ya mtu. Anaona miguu. Anahesabu jozi tatu za katambuga na jozi moja ya viatu vyeusi vya shule.

Nilipofika kwenye vile viatu vya shule nilifunga daftari, nikaenda kuhakikisha mlango una komeo. Halafu nikalifungua tena. Mtu hatungi viatu vile kwa kutaka kuwatisha wenzake. Viatu vile aliviona.

Kwa ndugu zangu wa visiwani ambao huenda hawajui, hapa Usukumani mauaji ya vikongwe si hadithi. Kwa miaka mingi bibi zetu wa mikoa ya kanda hii wameuawa kwa mapanga wakituhumiwa uchawi, na alama iliyowaponza wengi ni macho mekundu. Macho yenyewe yanawekundu kwa moshi. Kuni ni haba, watu wanapikia samadi na mabua, na mwanamke anakaa na moshi huo tangu utotoni hadi uzee. Nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna mganga wa ramli, na wakati mwingine kuna shamba ambalo mtu analitamani. Na katika kanda hiihii ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Serikali imekamata watu, imewazuia waganga wa ramli, viongozi wa dini wamehubiri. Lakini mtoto aliyekuwa chini ya kitanda nani alimuuliza aliona nini?

Jumamosi mama yake alirudi. Nikamuuliza taratibu, "Mama, yule bibi wa kwenye hadithi ni nani?"

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Ni mama yangu."

Ikabainika kwamba alipotaka kulichoma daftari, mama huyu hakuwa na wasiwasi wa pepo. Alikuwa anaogopa watu. Walihama kijiji baada ya msiba ule, na baadhi ya waliohusika wanaishi bado, wanakwenda mnadani, wanakutana nao njiani. Binti alikuwa ameandika jina la kijiji lilivyo na jina la jirani lilivyo, na mabinti wenzake walikuwa wamenakili. Mama alilala na hofu kwamba karatasi ile itafika mikono isiyotakiwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Wateja walisema ni mkosi, mimi nikasema ni biashara, na mama mtu akaona hatari. Yule mmoja tu aliyekuwa na sababu ya kweli hakuna aliyekuwa amemsikiliza. Kama ningelisoma daftari siku ya kwanza, ningeiona hatari ile mapema, na binti angeambiwa jambo la maana badala ya kufokewa.

Sasa nije kwenye hoja ambazo wenzangu wananipa.

Wapo wanaosema msichana mwenye maadili haandiki mambo ya damu. Mimi nawauliza, tulisoma nini skuli? Kidato cha tatu tulisoma Takadini, kisa cha mama anayekimbia na kichanga chake chenye ualbino kwa sababu mila inataka kiuawe. Tulisoma Watoto wa Mama N'tilie, watoto wa maskini wanaoishia jalalani na kwenye dawa za kulevya. Tulijibu maswali ya mtihani juu ya vifo hivyo, na aliyejibu vizuri alipongezwa. Inakuwaje mtoto apongezwe kwa kueleza kifo kilichotungwa na mtu mzima, kisha achapwe kwa kuandika kile alichokiona yeye?

Na sisi wa Unguja tusijifanye wageni wa mambo haya. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la kutunga hadithi kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa 1960. Kina mzimu, kina maiti, na ndicho kilichotupa Bwana Msa na kiko chake. Babu zetu walikisoma kwa kupokezana, na hakuna aliyesema Makunduchi pamelaaniwa.

Huku kanda ya ziwa yupo Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa 1944 Ukerewe, naye mtoto wa kisiwani ijapokuwa kisiwa chake kimezungukwa na maji baridi. Alikuwa kijana asiyefika miaka 30 alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971. Ni kisa cha msichana aliyelelewa kwa ukali wa baba mlevi, akaharibikiwa, mwisho akajitoa uhai. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Watu walisema kitaharibu wasichana. Baadaye kikarudi darasani, na Kezilahabi alipofariki Januari 2020 aliombolezwa kama mmoja wa waandishi wakubwa wa Kiswahili. Baba kama wa Rosa walikuwepo kabla ya kitabu na wakabaki kipindi chote ambacho kitabu kimefungiwa.

Hata huko Uingereza, Mary Shelley alikuwa na miaka 18 tu alipoanza kuandika Frankenstein mwaka 1816, hadithi ya mtu anayeumba kiumbe kutokana na miili ya wafu. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amemzika mtoto wake mchanga wa kwanza. Mama yeyote aliyewahi kuzika mtoto hatashangaa kwamba binti yule aliwaza juu ya mfu kupata uhai.

Wapo wanaonijibu kwa dini, na hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu dini ni yangu pia. Wananikumbusha kwamba mwisho wa sura ya 26, Ash-Shu'araa, washairi wanalaumiwa kwa kutangatanga na kusema wasiyoyatenda. Ni kweli. Lakini tusiishie hapo. Aya ya mwisho ya sura hiyohiyo inawatoa wale walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi, na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Msichana anayemwandikia bibi yake aliyeuawa kwa dhulma mnamweka fungu gani? Zama za Mtume (S.A.W.) alikuwepo bibi al-Khansaa, ambaye sifa yake kubwa ni mashairi ya kumlilia kaka yake Sakhr. Alisilimu, na mashairi yake ya msiba yanasomwa hadi leo.

Na kama ni fundi mwenzangu, fikiria kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), ambacho Qur'ani yenyewe inakiita kisa kizuri kuliko visa vyote. Ndani yake mna husuda ya ndugu, mtoto kutupwa kisimani, kusingiziwa, jela, na mzee aliyelia mpaka macho yakawa meupe. Mimi kila nikikisoma naangalia kanzu. Ya kwanza imepakwa damu ya uongo. Ya pili imechanwa nyuma, na mchano ule ndio unaoonesha nani msema kweli. Ya tatu inawekwa usoni kwa baba na macho yanarudi. Ukweli wa ile ya pili ulijulikana kwa sababu mtu alikubali kuiangalia imechanika wapi. Familia ya binti ni Wakristo, na kisa cha Yusufu wanacho pia kwenye Biblia yao, ijapokuwa kinasimuliwa tofauti kidogo. Nilipomkumbusha mama yake habari ya ile kanzu yenye damu alitikisa kichwa akasema, "Na hicho nacho ni kibaya, lakini kanisani tunakisoma."

Lakini sitaki mnielewe vibaya. Sisemi kila daftari la giza liachwe hivi hivi, mtoto apongezwe basi. Kuna mambo matatu ambayo mtu mzima anayesoma anatakiwa ayaangalie.

La kwanza, je, anayekufa kwenye maandishi ni yeye mwenyewe? Kama mtoto anaandika kwamba anataka kufa, au anaandika namna atakavyojidhuru, usipite kwa kudhani ni utunzi tu. Muulize waziwazi. Kumuuliza hakumpi wazo jipya, kunampa nafasi ya kusema. Mpeleke hospitali, zungumza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na usimwache peke yake.

La pili, je, kuna mtu anayemuumiza sasa hivi? Watoto wengi huandika juu ya zimwi linaloingia chumbani kwa sababu hawawezi kulitaja jina la mjomba. Ukiona hivyo, usianze kuitisha kikao cha ukoo. Kuna dawati la jinsia na watoto polisi, na kuna namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, kupiga ni bure.

La tatu, je, maandishi yanaweza kumletea hatari yeye au mtu mwingine? Hili ndilo lililokuwa letu. Na dawa yake haikuwa kiberiti. Nilikaa na binti, nikamwambia, "Hadithi yako ni nzito na nimeipenda, ila majina haya ya watu walio hai yataleta balaa." Tukabadilisha jina la kijiji, la jirani, na idadi ya watu wa nyumba ile. Wenzake wakaleta nakala zao, tukazichana wenyewe, akaziandika upya. Nilimweleza kwa lugha ya kazi yetu: ukifumua gauni la mtu na kulishona upya kwa kipimo kingine, kitambaa ni kilekile lakini mwenyewe halitambui.

Yeye alinibishia jambo moja tu. Viatu vya shule alikataa kuvitoa. Tulibishana, nikamwomba aweke katambuga jozi nne. Akasema, "Mama fundi, bila vile viatu mtu atadhani ni majambazi." Nilikosa jibu. Vimebaki.

Kuhusu biashara yangu, sitawadanganya kwamba yule mama wa magauni sita alirudi. Hakurudi. Kuna wateja wengine wawili ambao siwaoni tena. Wengine wamekuja wapya, kwa sababu watu wanahitaji sare za shule bila kujali nani anaandika nini. Ijumaa nafunga mapema, na mabinti wakimaliza kufagia wanaweza kukaa wakasomeana. Yeyote mwenye kuogopa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Mpaka sasa hakuna aliyekwenda.

Binti namhimiza amalize hadithi yake vizuri. Siku hizi kuna mahali pa kuipeleka kazi kama hii. Tangu mwaka 2023 inatolewa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Na mwanamke mwenzetu Zainab Alwi Baharoon alipata tuzo ya Mabati-Cornell ya mwaka 2018 kwa riwaya yake Mungu Hakopeshwa. Hata kama binti wangu hatashinda kitu, atakuwa amejua kwamba kuna watu wazima wanaoyasoma mambo haya wakiwa wamekaa vitini, bila kiberiti mkononi.

Nimalizie na mama yake. Jumamosi ileile, baada ya kuniambia bibi yule ni nani, aliomba binti amsomee hadithi nzima. Tulifunga mlango wa duka. Binti alisoma sauti ikitetemeka, mama ameinamisha kichwa, ameshika ncha ya kitenge chake. Hakumkatiza hata mara moja mpaka mwisho.

Kisha akasema, "Umeandika mbwa walibweka. Mbwa hawakubweka usiku ule."

Binti akamtazama. Sisi watatu tulielewa maana yake. Mbwa hawambwekei mtu wanayemjua.

Binti alichukua kalamu, akaukata ule mstari, akaandika upya. Ilikuwa mara ya kwanza, alivyoniambia baadaye, mama yake kuzungumza naye habari za usiku ule tangu akiwa na miaka tisa. Miaka kumi wamekula sahani moja, na kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake jambo walilolijua wote wawili.

Kwa hiyo dada yangu, ukipanga nguo za mwanao ukakuta daftari chini ya godoro, na ukurasa wa kwanza ukakutisha, geuza wa pili. Na ukimaliza, muulize kama yupo unayemfahamu humo ndani.

Wabillahi tawfiq.